Taa ya Onyo Inamsemea Nani?

Katika gari la siku hizi kuna taa nyingi za onyo, lakini mwenye gari hazitazami zote kwa jicho moja. Taa ya oili ikiwaka, dereva husimama papo hapo, hata akiwa porini na giza limeingia. Taa ya joto la injini ikiwaka, ataomba maji kwa mtu asiyemjua. Sijapata kumsikia mtu aliyemlipa fundi akate waya wa taa ya oili ili asafiri kwa amani. Lakini iko taa moja, ile ya rangi ya chungwa yenye umbo la injini, ambayo watu hulipa fedha nzuri izimwe na isiwake tena. Katika magari makubwa ya dizeli, yale tunayoyaita mashangingi, taa hiyo mara nyingi huwaka kwa sababu ya mitambo ya kusafisha moshi, nayo imekuwa kama mgeni asiyejua kuaga: anatolewa Jumatatu, Alhamisi yuko tena mlangoni.

Nataka, ndugu msomaji, tutafakari pamoja kwa nini taa hizi tunazitendea tofauti namna hiyo. Naamini kwamba ndani ya tofauti hiyo limejificha swali la maadili ambalo ni kubwa kuliko gari.

Ninaishi Olasiti, upande wa magharibi wa jiji la Arusha. Sisi wenye umri mkubwa tunaikumbuka Olasiti ya mashamba ya mahindi na maharage. Leo ni nyumba, maduka, yadi za magari ya watalii, na gereji. Mtu akitaka kujifunza habari za dizeli, akae asubuhi moja tu kwenye benchi la gereji mojawapo. Mimi nimekaa kwenye benchi hilo mara nyingi kwa ajili ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye alinunua gari la dizeli lililokwisha kutumika Japani, limsaidie katika kazi ya kupeleka wageni hifadhini. Gari lilikuwa zuri, ingawa lilikuwa limezidi umri wa miaka 8 na alilipia ushuru wa uchakavu. Miezi miwili baadaye taa ikawaka, na kwenye dashibodi yakatokea maandishi ya Kijapani ambayo katika ukoo wetu mzima hakuna aliyeweza kuyasoma. Fundi akaifuta kwa mashine yake ndogo. Baada ya siku tisa ikarudi. Akafuta tena. Ikarudi baada ya siku nne.

Ili tuelewane, lazima nieleze kidogo mitambo hii inavyofanya kazi, kama nilivyoelezwa na mafundi na kama nilivyojisomea baadaye. Dizeli inapoungua hutoa vitu viwili vibaya hasa: masizi, yaani chembe ndogo nyeusi za kaboni, na gesi za oksidi za nitrojeni zinazowasha mapafu. Masizi hunaswa na kichujio kilichomo ndani ya kopo la chuma kwenye bomba la moshi, chenye vitundu vingi mfano wa sega la nyuki. Sensa hupima shinikizo la moshi kabla na baada ya kichujio. Tofauti ikizidi, kompyuta hujua kwamba kichujio kimejaa. Hapo injini hunyunyiza dizeli ya ziada ili joto ndani ya kopo lipande hadi nyuzi 600 hivi na masizi yaungue. Kazi hiyo huhitaji gari liende mwendo wa kutosha kwa muda. Gari linalotoka Olasiti kwenda mjini, likisimama kwenye foleni na kurudi, halipati nafasi ya kuimaliza. Kwa upande wa gesi za nitrojeni, magari mengi ya aina hiyo hutumia maji ya urea, yanayouzwa kwa jina la AdBlue, ambayo hunyunyizwa kwenye moshi na kuzigeuza gesi hizo kuwa nitrojeni ya kawaida na mvuke. Taa ya injini husimamia mambo yote haya. Inapowaka inasema kwamba moshi unaotoka nyuma ya gari huenda hausafishwi inavyopasa.

Sasa tazama. Taa ya oili inamwonya mwenye gari juu ya mali yake: usiposimama, injini yako itakufa. Taa ya moshi, kwa sehemu kubwa, inasema juu ya watu walio nje ya gari: mwanamke anayechoma mahindi kandokando ya barabara ya mchepuo, kijana wa bodaboda anayesubiri abiria, watoto wanaotembea kwa miguu kwenda shule. Hao hawaioni taa. Hawawezi kuisoma dashibodi ya mtu. Kwa hiyo waliotengeneza gari waliweka taa hiyo iwe mdomo wao, ikae mbele ya macho ya mtu pekee anayeweza kufanya jambo. Na kwa sababu inamsemea mwingine, ni rahisi sana kuinyamazisha. Anayeizima hapati maumivu yoyote.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Walikuwa wakimzungumzia mtu anayeficha maradhi yake mwenyewe. Hapa mambo ni mabaya zaidi, kwa maana anayeficha ni mmoja na anayeumbuliwa ni mwingine. Mwaka 2012 wataalamu wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana kwa hakika kusababisha saratani kwa binadamu. Anayeuvuta moshi huo hapelekewi hesabu ya gari lililomdhuru.

Siku moja fundi, kijana mwenye adabu ambaye baba yake nilimfundisha, aliniambia: "Shikamoo Mwalimu. Dawa ya hapa ni moja tu. Tunatoa takataka zote hizi, gari linapumua vizuri."

Nikamwuliza, "Na watu watapumua nini?"

Akacheka. "Mwalimu, mbona kila mtu anatoa?"

Akaeleza jinsi kazi inavyofanywa. Kopo la kichujio hukatwa, sega la ndani huvunjwavunjwa na kutolewa, kisha kopo tupu huchomelewa na kurudishwa mahali pake. Halafu fundi wa kompyuta huingia kwenye akili ya gari na kuiambia isiulize tena habari za kichujio. Taa haitawaka maisha. Bei ya kazi hiyo ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya kichujio kipya, ambayo ilikaribia kulingana na ada ya mwaka mzima ya mwanawe mpwa wangu. Yeye mwenyewe akanigeukia: "Mjomba, wewe unasemaje?"

Sikumjibu siku ile, maana swali lake lilikuwa zito na hoja za fundi hazikuwa za kipuuzi. Nitazitaja hapa moja baada ya nyingine, kwa haki.

Hoja ya kwanza ni kwamba gari hili halikutengenezwa kwa ajili yetu. Hiyo ni kweli. Japani huuza dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa kila milioni. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Arusha, zilikubaliana kushuka hadi sehemu 50 kuanzia mwaka 2015. Hayo ni maendeleo makubwa, lakini bado si 10. Zaidi ya hayo, tumepitia miaka ambayo neno kuchakachua lilitoka kwenye vituo vya mafuta na kuingia katika kila mazungumzo, kwa sababu watu walichanganya dizeli na mafuta ya taa, mpaka EWURA ikaanza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010. Ongeza vumbi na foleni. Ni dhahiri kwamba gari la namna hii litalalamika zaidi kwetu kuliko kwao. Lakini hoja hiyo inathibitisha nini? Inathibitisha kwamba kumtunza mnyama huyu katika malisho yetu ni kazi ngumu, na mtu afikiri kabla ya kumnunua. Haithibitishi kwamba aliyekwisha kumnunua anaruhusiwa kumfungulia aingie katika shamba la jirani.

Hoja ya pili ni ya gharama, na hii ndiyo iliyonigusa zaidi, kwa kuwa nilizijua hesabu za mpwa wangu. Hata hivyo gharama haiondoki kwa kukata kopo. Ilikuwa katika mfuko wa mwenye gari. Sasa imehamia katika kifua cha mtu ambaye hakuulizwa. Na tuseme ukweli bila kuoneana haya: barabarani kwetu, mwenye shangingi si maskini wa mwisho. Ukimpima pamoja na mama wa mahindi, ni nani mwenye nafuu ya kubeba mzigo?

Hoja ya tatu ni kwamba gari moja ni tone katika bahari, na kwamba malori ya zamani yanayopanda mlima hayana kichujio chochote wala hakuna anayeyalaumu. Hoja hii imenikumbusha mwaka 1973, nilipokuwa kijana, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima yapata milioni mbili walikaa katika vikundi nchi nzima wakisikiliza redio na kujadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Choo ni kitu cha ajabu ukikifikiri. Kinamlinda jirani yako sawa na kinavyokulinda wewe, pengine zaidi. Choo kimoja kijijini hakiondoi kipindupindu, na kila mchimbaji angeweza kusema kwamba chake ni tone tu. Walichimba hata hivyo. Sasa nauliza: ni sawa kumlinganisha mtu asiye na choo na mtu mwenye choo kilichokwisha kujengwa, ambaye anakibomoa ndani, anaacha mlango umesimama, kisha anakwenda kujisaidia kwenye migomba ya jirani? Lori la zamani ni yule wa kwanza. Gari lililokatwa kichujio ni huyu wa pili.

Na ule mlango uliosimama unanisumbua kuliko yote. Bomba la kawaida lingetosha kuunganisha pande mbili. Kwa nini kopo tupu lirudishwe? Linarudishwa ili anayeinama chini ya gari aone kwamba lipo. Jambo lisilo na kosa halihitaji kuvalishwa nguo za jambo jingine.

Mtu asidhani kwamba ujanja huu ni wa mafundi wa gereji za mabati tu. Mwezi Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani iliweka katika magari yake ya dizeli programu ya kompyuta iliyotambua wakati gari linapopimwa. Likiwa kwenye kipimo, gari lilisafisha moshi wake kwa uaminifu. Likitoka barabarani, lilitoa oksidi za nitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Kampuni ilikiri kwamba magari yapata milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Mkuu wake, Martin Winterkorn, alijiuzulu mwezi huo huo, na mwaka 2017 kampuni ilikiri makosa ya jinai nchini Marekani. Waliolifungua jambo hilo walikuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, ambao walifunga vipimo ndani ya magari na kuyaendesha barabarani kama mtu wa kawaida anavyoendesha. Sisi walimu tunamfahamu mwanafunzi wa aina hiyo: mkaguzi akiwapo anakaa wima, mkaguzi akipanda gari lake darasa linageuka soko. Kilichonishangaza ni kwamba wahandisi wenye elimu kubwa na kampuni yenye fedha nyingi waliangukia palepale anapoangukia mtu aliyebanwa na ada. Kwa hiyo umaskini hauelezi jambo lote. Kinachotuvuta sote ni kwamba sauti inayonyamazishwa si yetu.

Hili nililiona kazini pia. Katika miaka ya 1980, nikiwa mwalimu mkuu, wakati wa palizi daftari la mahudhurio lilijaa alama za watoto wasiofika. Wakaguzi walipokaribia kuja, mwalimu mmoja mwenye nia njema alishauri tuzipunguze alama hizo ili shule isidharaulike. Nilikataa, nikawaeleza walimu wenzangu kwamba alama ile haikuwa mali ya shule. Mtoto aliyeko shambani hana njia ya kusema kwamba hayupo darasani. Daftari ndilo linalosema kwa niaba yake. Tukiifuta alama, mtoto hatakuwa amerudi. Atakuwa amepotea mara mbili. Wakaguzi walituandika vibaya mwaka ule. Lakini kwa daftari hilo hilo serikali ya kijiji iliitwa, wazazi wakaulizwa, na baadhi ya watoto wakarudi.

Iko hoja ya nne ambayo naiheshimu kuliko zote: kwamba onyo lenyewe huweza kudanganya. Sensa huharibika, waya huliwa na panya, kipira cha kupimia shinikizo hupasuka. Kengele ya shule ikigongwa ovyo mara kumi kwa siku, mara ya kumi na moja hakuna atakayeinuka. Ni kweli kabisa. Lakini dawa ya kengele inayogongwa ovyo ni kumtafuta anayeigonga. Anayekata kamba ya kengele ameondoa kelele, na pamoja nayo ameondoa siku ya moto.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu hivi: "Baba, onyo linaweza kutendewa mambo matatu. Unaweza kulifuta, unaweza kuliua, na unaweza kulijibu. Umelifuta mara mbili na limerudi, kwa maana hujalijibu. Kabla ya kuliua, lijibu kwanza, tuone linasema nini."

Akalipeleka kwa fundi mwingine, mtu mzima asiyependa maneno mengi. Huyo hakuanza na taa, alianza na injini. Aligundua nozeli moja inavuja, hivyo dizeli iliungua vibaya na kutoa masizi mengi kuliko kawaida. Kichujio kilikuwa kinajaa kwa haki. Hata kingewekwa kipya kingejaa vilevile. Nozeli ilibadilishwa, kichujio kikafunguliwa na kusafishwa, na oili ikawekwa ya aina inayoacha majivu machache, maana majivu hayaungui kama masizi, bali hubaki. Fundi akamwagiza pia kwamba asipokuwa na safari ya wageni, walau mara moja kwa juma aliendeshe gari kwa mwendo mzuri hadi Makuyuni, kiasi cha kilomita 80, lipate nafasi ya kujisafisha. Gharama haikuwa ndogo. Alikopa.

Ningependa kukuambia, msomaji, kwamba taa haikuwaka tena. Iliwaka baada ya miezi minne. Safari hii ilikuwa ni maji ya urea yamekaribia kwisha, na magari mengi ya aina hii hukataa kuwaka maji hayo yakiisha kabisa. Mpwa wangu akaja na wazo: "Mjomba, si ni urea tu na maji? Mfuko wa mbolea ninao shambani." Ni kweli kwamba maji hayo ni urea asilimia 32.5 na yanayobaki ni maji matupu. Lakini mbolea ya shambani ina vitu vingine ndani yake ambavyo havidhuru mahindi ila huziba nozeli ya mtambo, na maji ya bomba yana chumvi zake. Akanunua yanayostahili, huku akinung'unika. Hivi sasa anafikiria kuliuza gari hilo na kutafuta la petroli lisilo na mambo mengi. Sioni aibu katika uamuzi huo, alimradi amweleze mnunuzi ukweli wote. Mtu kukiri kwamba mzigo fulani haumfai ni njia mojawapo ya kulijibu onyo.

Sisemi kwamba mzigo wote ni wa mwenye gari. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za ubora wa hewa za mwaka 2007, lakini katika miaka yangu yote barabarani nimeona askari wakikagua matairi, breki na taa. Sijamwona hata mmoja akiingiza kipimo kwenye bomba la moshi. Serikali ina deni hapo, na wauza mafuta wana lao. Hata hivyo, deni la mwingine halifuti langu. Na kichujio ambacho tayari kimo garini hakisubiri sheria mpya. Kinasubiri tu mtu asiyekubali kukikata.

Onyo lolote linapotujia, la gari, la shule, la nyumbani, tuliulize kwanza: unamsemea nani? Likiwa linanisemea mimi na nikalinyamazisha, nimefanya upumbavu, na malipo yake nitayapokea mwenyewe. Likiwa linamsemea mwingine na nikalinyamazisha, hiyo ni dhuluma, hata kama hakuna aliyeniona na gari linakwenda vizuri. Tumezoea kuuogopa upumbavu kuliko dhuluma, kwa sababu upumbavu hutuuma sisi wenyewe. Mtu mzima ni yule ambaye taa ya jirani ikiwaka mbele ya macho yake husimama kando ya barabara, kama ambavyo angesimama kwa taa yake ya oili.